Siku Tatu Mtoni na Kaniki ya Bibi

Mdogo wangu Januari alilala usingizi akiwa na tonge mdomoni.

Sisemi kusinzia. Nasema kulala. Ugali umejaa shavu moja, mlenda unachuruzika kidevuni, na mtoto anakoroma, saa saba mchana, jua linawaka.

Mama alicheka. Akamtikisa.

Januari akafungua macho, akatafuna mara mbili, akalala tena.

Hapo mama akaacha kucheka.

Nilikuwa nimekaa mbele yake na bakuli langu. Nilijua jambo ambalo mle ndani hakuna mwingine aliyelijua. Au ndivyo nilivyodhani.

Naitwa Paskazia. Nina miaka sabini na tisa. Hii simu kaninunulia mjukuu wangu, akanifundisha kuandika kwa kidole kimoja, sasa anajuta. Nasoma visa vyenu humu kila siku na nyie watu mnapenda kukata utamu, mara sehemu ya tano, mara sehemu ya kumi na mbili. Mimi sina umri wa kuahirisha mambo. Changu kinaisha leo leo.

Mwaka ulikuwa 1955. Nilikuwa na miaka tisa, Januari ana minne.

Tulikaa kijiji cha upande wa Kahama, kwenye njia ya kwenda Runzewe. Baba yangu, Ngassa, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa pamba. Dereva enzi zile alikuwa mtu mkubwa bwana! Akipita, watoto tunakimbia nyuma kunusa moshi wa gari tukiona ni manukato.

Nyumbani tulikuwa watano. Baba, mama, mimi, Januari, na Bibi Mageni aliyemzaa baba.

Bibi hakuwa Msukuma. Alikuwa Mzinza wa Chato, kaolewa huku akiwa binti, akakaa miaka arobaini bila kurudi kwao. Kisukuma alikiongea vizuri tu, ila watu walikuwa hawaachi kumkumbusha. Kuku akifa kwa jirani, utasikia, "Yule Mzinza kapita hapa asubuhi."

Baba na mama walimpenda. Na mimi nilimpenda kuliko wote, naomba mlishike hilo.

Baada ya msimu wa pamba tajiri alimtuma baba Chato kuchukua samaki wakavu. Lori linaenda tupu. Baba akasema, "Safari hii naenda na watu wangu. Mama yangu akaone kaburi la mama yake, na hawa wakaone ziwa."

Sikulala siku mbili kwa furaha.

Bibi alifunga mzigo wake mwenyewe. Ndani aliweka kaniki.

Hii kaniki niielezee, maana kisa chote kipo hapo. Ilikuwa nguo nyeusi ya mizimu. Alirithi kwa mama yake, anaivaa siku ya tambiko tu, halafu inarudi kwenye mzigo. Hakuna kuishika. Pembe moja iliwahi kuungua moto, Bibi akaishona kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa mikubwa, kwa sababu macho yalishaanza kumsumbua.

"Hii ukiigusa bila ruhusa," aliniambia siku moja, "mikono yangu mimi mwenyewe itakuwasha kwa kukuchapa."

Basi tukaondoka. Bibi mbele na baba, sisi na mama nyuma juu ya magunia matupu, vumbi mpaka kwenye meno, mama anaimba.

Njiani tukafika kizuizi cha mbung'o.

Msicheke wajukuu, ile ilikuwa ajira kamili ya serikali. Gari likitoka porini, kijana anatoka kibandani na wavu mdogo wenye mpini, analizunguka, anachungulia chini, anakagua hadi watu, asije mbung'o akapanda gari kwenda kwenye ng'ombe za watu. Magari yanayoingia porini walikuwa wanayaonya tu.

Kijana wa pale aliitwa Stanslaus. Alikuwa anafahamiana na baba.

Mimi macho yangu yalikuwa pembeni. Wanaume wawili walikuwa wanakuja polepole kwenye njia ya porini, mmoja mbele mmoja nyuma, mabegani wamebeba fito mbili, na katikati ya fito wametandaza kitambaa cheusi.

"Mama, nani kafa?" nikauliza.

Stanslaus akasikia, akaangua kicheko. "Hajafa mtu, binti. Wanavua."

"Wanavua nini huku barabarani?"

"Nzi. Mbung'o anapenda kitu cheusi. Akikiona anadhani ni nyati, anakuja kutua. Sisi tunamnasa na wavu."

Alinieleza mimi. Kwa mdomo wake, taratibu, kama mwalimu. Naomba na hilo mlishike.

Kisha akamgeukia baba. "Ngassa, mkifika mtoni choteni maji muondoke. Msikae pale. Mto ule umejaa mbung'o, na watu wameanza kuugua malale."

"Nakaa kufanya nini?" baba akasema, akapanda juu kukaza kamba za turubai.

Nilimwona Stanslaus kaegemea dirisha la mbele anaongea na Bibi. Waliongea kwa muda. Sikusikia walichosema. Nilikuwa nahesabu nzi kwenye kitambaa.

Tulifika mtoni saa tisa. Tukaingia majini, tukatoka ng'ambo, gari linapanda ukingo, tukasikia mlio kama gogo linapasuka.

Ekseli ya nyuma imekatika.

Baba alilala chini ya gari, akatoka, akakaa juu ya jiwe. Baadaye lori la mbao likapita linaelekea Kahama. Baba akalisimamisha, akatuambia, "Nafuata ekseli. Siku mbili, zikizidi sana tatu. Moto usizimike."

Tukabaki wanawake watatu na mtoto wa kiume mmoja.

Nitawaambia ukweli, zile siku tatu zilikuwa tamu. Mama alifunga turubai kwenye ubavu wa lori, tukawa na nyumba. Kiangazi kile maji yalikuwa yamepungua, kuna vidimbwi vya samaki. Bibi alinionyesha kuvua kwa kapu kama walivyovua watoto wa Chato zamani zake, kamfungia Januari kamba kiunoni asiende majini, anacheka mwenyewe. Alikuwa kama karudi binti. Sijawahi kumwona vile kabla ya hapo.

Nzi walikuwepo. Wanauma kama sindano. Bibi alikuwa anachoma kinyesi cha tembo na majani mabichi, moshi mzito, anatulazimisha tukae humo humo. Macho yetu yalikuwa mekundu wote wanne.

Siku ya pili mchana mama alienda kufua upande wa juu wa mto. Bibi akawa anaenda kuchimba mizizi ya dawa yake ya mgongo. Akaniita.

"Paskazia, mlaze mwenzio ndani ya turubai. Mfunike shuka nyeupe. Moshi usife. Usitoke hapo mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Sikusikia chochote. Akili yangu ilikuwa kwenye dimbwi moja nililoliona asubuhi, lina kambale wa haja.

Ndani ya turubai kulikuwa na joto la kuoka muhogo. Januari analia, hataki kulala, shuka nyeupe katupa huko. Nikaona huyu atanichelewesha. Nikambeba mpaka kichakani karibu na maji, kwenye kivuli. Ila chini palikuwa na miiba, na shuka nimeiacha.

Nikarudi mbio. Mzigo wa Bibi ulikuwa mlangoni.

Nikafungua.

Kaniki ilikuwa nzito, ina harufu ya ubani na moshi. Kabla ya kumpelekea nikajifunga kwanza mwenyewe, nikatembea nayo hatua kadhaa, natingisha kiuno kama bibi harusi. Kiherehere cha watoto. Kisha nikamtandikia Januari nusu, nikamfunika nusu. Akatulia, akalala.

Nikaenda kwenye kambale wangu.

Sikumpata. Niliporudi nilidhani kaniki ina kitu kinatembea juu yake. Walikuwa nzi. Wametua kila mahali, na wengine wako shingoni kwa Januari, na yeye ndiyo anaamka analia.

Nikawapiga kwa mikono. Nikamfunua. Mmoja akaniuma kwenye shavu la mguu, maumivu yale nayakumbuka hadi leo. Nikaikung'uta ile nguo, nikaikunja haraka haraka, nikairudisha, nikafunga mzigo.

Jioni jua halijazama Bibi alifungua mzigo wake. Akaitoa kaniki. Mchanga wa mtoni ukamwagika miguuni kwake.

Akauangalia mchanga. Akaniangalia mimi.

"Nani kafungua mzigo wangu?"

"Sijui, Bibi."

Nilisubiri fimbo. Akasema tu, "Haya," akaikunja upya.

Baba alirudi siku ya tatu na fundi. Tukafika Chato, tukaliona ziwa, Bibi akavaa kaniki yake akatambika kwenye kaburi la mama yake, akalia akamaliza. Tukarudi nyumbani. Kizuizini Stanslaus akatukagua kwa wavu wake, akakamata wawili chini ya gari.

Zikapita kama wiki tatu.

Shingoni kwa Januari, pale pale alipoumwa, kulikuwa kumevimba jipu gumu lisilotoa usaha. Kisha homa. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Mama akampa mwarobaini. Akapewa na vidonge vya malaria. Akakonda. Kisha ndiyo siku ile ya tonge.

Bibi aliposimuliwa kuhusu tonge alisimama ghafla.

"Ngassa," akasema, "yule kijana wa..."

"Mama Mageni, nyamaza kwanza," akadakia shangazi Zipora.

Shangazi Zipora alikuwa dada yake baba kwa mama mwingine. Mama yake na Bibi walikuwa wake wenza, na ule ugomvi aliurithi pamoja na vyungu. Alikuja kumwangalia mgonjwa, akakalia kiti kama kanunua nyumba.

"Huyu mtoto hana ugonjwa wa vidonge," akasema. "Kaka, una mtoto wa kiume mmoja. Mmoja! Unasubiri nini? Twende kwa mfumu."

Mfumu ndiye mganga anayesoma kuku. Unampelekea kifaranga mliyelala naye nyumbani, anampasua, anaangalia ndani, anakwambia nani anakula nyumba yako. Shangazi alitangulia kwake siku moja kabla yetu, "kumpa taarifa". Leo najua taarifa gani. Wakati ule sote tulishangaa jinsi mfumu alivyokuwa anajua safari yetu.

Tulienda wote asubuhi. Januari mgongoni kwa mama, kichwa kinaning'inia.

Mfumu akampasua kuku. Akatazama muda mrefu.

"Naona maji," akasema. "Naona mtoto kalala kando ya maji. Naona nguo nyeusi juu yake."

Alikuwa anabahatisha tu, lakini mimi nikadhani kaniona.

"Mkono uliomfunika ile nguo," mfumu akasema, "ndio mkono unaomla."

Watu wote wakamgeukia Bibi. Nguo nyeusi nyumbani kwetu ilikuwa moja tu na kila mtu alijua ni ya nani.

Baba akamsogelea. "Mama. Ulimfunika mtoto kaniki?"

Bibi alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama, nakuuliza! Sema hapana basi. Sema hapana nikusikie!"

Bibi kimya.

Baba akaja akanishika mabega. Macho yake sijawahi kuyaona vile. "Paskazia, ulikuwepo. Sema mbele za watu. Nani alimfunika mwenzio?"

Nilikuwa na miaka tisa. Mkono uliomfunika ndio unaomla, kasema mganga, na mkono huo nilikuwa nimeuficha nyuma ya gauni.

Nikasema, "Bibi."

Nilingoja Bibi apige kelele kwamba muongo huyu, huyu ndiye aliyefungua mzigo wangu. Alikuwa anajua kusema yule mama, mdomo wake haukuwa wa kuazima.

Bibi akaokota fimbo yake, akaanza kutembea kurudi nyumbani, peke yake, mbele yetu.

Kwetu mtu akishapewa jina la mchawi hapigwi kwanza. Ananyimwa moto.

Enzi zile viberiti si kila nyumba. Asubuhi moto ukizimika unachukua kigae unaenda kwa jirani kuomba kaa. Hakuna anayenyimwa kaa, hata adui. Ukinyimwa kaa maana yake wewe umeshakufa, bado kuzikwa.

Shangazi Zipora ndiye aliyemwaga maji kwenye jiko la Bibi. Baba alisimama pale pale, akaangalia, na alipoingia ndani akafunga mlango. Mama alilia chumbani na mtoto mapajani.

Kesho yake asubuhi Bibi alizunguka na kigae chake. Nyumba ya kwanza wakageuka. Ya pili wakavuta mlango. Ya tatu alikuwepo mwanamke ambaye Bibi ndiye alimzalisha mapacha wake. Huyo alianza kulia, lakini kaa hakumpa.

Bibi akarudi na kigae kitupu. Akakiweka chini taratibu kisivunjike.

Akaja nilipokuwa nimekaa, nyuma ya ghala.

"Mjukuu wangu. Unaumwa kichwa?"

"Hapana."

"Nionyeshe huo mguu."

Kwenye shavu la mguu nilikuwa na jipu kama la Januari. Nilikuwa nalifunika na gauni, nilijua watu wakiliona watasema na huyu kaguswa, au watasema jingine baya zaidi. Nikavuta gauni chini.

"Sina kitu."

Aliniangalia na yale macho yake mekundu ya moshi. "Haya," akasema.

Akabeba fimbo na kaniki yake, basi. Akashika njia ya Runzewe. Watu walikuwa wamesimama milangoni, hakuna aliyemuaga. Shangazi alisema kwa sauti, "Mnaona? Mwenye kosa hukimbia."

Nilitaka kumkimbilia. Sikumkimbilia.

Tukasubiri Januari apone, maana mchawi kaondoka. Shangazi alisema siku tatu tu mtaona. Siku ya tatu Januari hakufungua macho kabisa. Siku ya tano alianza kutetemeka mwili mzima, na siku ya sita alfajiri alikufa mikononi kwa mama, mwepesi kama kifaranga.

Tulimzika siku hiyo hiyo.

Siku ya saba, watu wamejaa msibani, tukasikia gari. Landrova ya serikali. Akashuka Stanslaus na mwanamume mwingine mwenye sanduku la dawa.

"Hapa ni kwa Ngassa dereva?"

Baba akasimama. "Ni hapa. Umesikia msiba?"

Stanslaus akaangalia watu, akaangalia kaburi jipya nyuma ya nyumba. Akavua kofia.

"Tumechelewa," akasema. "Yule mvulana aliyekuwa analala, ndiye huyu?"

"Nani kakwambia alikuwa analala?"

"Bibi. Mama yako. Alifika kizuizini juzi jioni, katembea siku nne. Ile siku mlipopita nilimwambia mtoto akianza kulala hata akiwa anakula, asipoteze siku, hayo ni malale, yana dawa. Akaniambia kijana, nimejaribu kusema nyumbani kwangu sikusikilizwa, ndiyo nimekuja mwenyewe. Jana ilibidi tungoje gari mpaka jioni."

Watu wakasogea kumsikia. Hata waliokuwa wanalia.

"Alisema na jingine," Stanslaus akaendelea. Alikuwa anatafuta kwa macho. "Alisema wako wawili. Kuna msichana anaitwa Paskazia, ana jipu kwenye mguu, anaficha. Alisema mkifika nyumbani mtaambiwa hana kitu, msikubali, mfunueni gauni."

Mama akanishika kabla sijakimbia. Akafunua. Jipu lile pale.

"Baba yake," Stanslaus akasema, na sasa alishusha sauti lakini watu wote walisikia, "alinituma nikwambie maneno haya haya kama alivyosema. Alisema, mtoto ndiye alimfunika mwenzie kaniki, alitaka mwenzie apate kivuli, hakujua. Mimi nimeshazeeka, hilo jina wanaweza kulibandika kwangu. Kwake lisingebanduka. Waambie wasimpige."

Nimeandika hiyo sentensi nikaweka simu chini, nikaenda nje, nimerudi.

Baba akauliza, "Mama yangu yuko wapi? Yuko kwenye gari?"

Stanslaus akageuza kofia mikononi. Akasema alifika miguu imevimba, imepasuka. Walimpa uji, hakuumaliza. Aliomba akae karibu na moto wao. Akasema ana siku nyingi hajaota moto. Asubuhi walimkuta hivyo hivyo, kakaa, kaegemea ukuta wa kibanda. Wakamzika pale pembeni ya kizuizi.

Baba alikaa chini kwenye vumbi. Dereva, mtu mkubwa, mbele za watu.

Shangazi Zipora alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Walinichukua siku ile ile kwa Landrova. Wakanitoboa kidole, wakakuta wadudu kwenye damu. Sindano nilizochomwa simtakii hata adui, mojawapo ya uti wa mgongo, nimeshikwa na watu watatu. Nikapona. Yule mwenye sanduku aliniambia ningechelewa wiki mbili, na mimi ningeanza kulala.

Baba hakuniuliza kitu. Hakuniuliza kwa nini, wala lini, wala ilikuwaje. Nilikuwa nasubiri kila jioni aniite. Alirudi kwenye lori lake baada ya mwaka, na akawa mtu wa kusalimia tu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu alinichukua kwenda Chato. Tulipofika kizuizini wale wanaume wa nzi walikuwa wanakuja barabarani, mmoja mbele mmoja nyuma, na kitambaa chao cheusi katikati.

Pembe moja ya kitambaa ilikuwa na mishono mikubwa mikubwa ya uzi mwekundu.

Stanslaus akatueleza. Bibi aliwaachia mwenyewe usiku ule wa mwisho. Alisema, "Chukueni hii, wanaipenda sana hawa nzi. Mizimu itanielewa."

Baba alizima gari. Akashuka, akavua kofia, akasimama mbele ya wale wanaume wawili katikati ya barabara.

"Shikamoo, mama," akakiambia kile kitambaa.

Wale wanaume wakatazamana. Mmoja, nadhani kwa adabu tu, akajibu, "Marahaba."

Sasa mnataka funzo. Najua mnataka, humu kila kisa lazima kiwe na funzo.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, kichwa changu hiki hapa bado kinatafuta miwani.

Mnapomuuliza mtoto swali mbele ya kundi la watu wenye hasira, wakati jibu mmeshalishika mkononi, mjue hamjauliza. Mmempa panga na mmemwonyesha pa kukata. Na nyie mnaoona bikizee ana macho mekundu mkaanza kunong'ona, kaeni mwaka mmoja mkipikia kinyesi cha ng'ombe halafu mjiangalie kwenye kioo.

Huko kwetu hadi leo vikongwe wanakatwa mapanga. Nasikia kwenye redio, nazima.

Nimezaa saba. Jina la Mageni nimempa mmoja, na hakuna siku nimemwita bila kukumbuka.

Bibi alijua ni mimi. Alijua tangu mchanga ulipomwagika. Akatembea siku nne bila moto kwenda kuwaambia wasinipige.

Hakuna aliyenipiga, mpaka leo.